Ukurasa Mmoja Kabla ya Chai

Nilipokuwa mtoto pale Iyunga niliamini jambo moja kwa nguvu zote, kuliko nilivyoamini kwamba mbili mara mbili ni nne: mtu akiandikwa historia yake mpaka nukta ya mwisho, anakufa. Siyo kwamba anaweza kufa. Anakufa, tena kabla jua halijazama.

Habari hiyo nilipewa na Gwamaka, mtoto wa nyumba ya jirani, msomi mkubwa aliyekuwa amesoma darasa la tano mara mbili ili lisimponyoke hata neno. Tulikuwa tumekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, tukiangalia msiba wa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Mzee wa kanisa alisimama karibu na jeneza, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya kupanda na kushuka: marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alioa, marehemu alijaliwa watoto saba.

"Unaiona ile karatasi?" Gwamaka akaninong'oneza. "Ile ndiyo imemuua."

"Karatasi?"

"We umeshawahi kuona mtu anasomewa historia yake akiwa mzima? Nitajie mmoja tu."

Nikafikiri mpaka masikio yakapata moto. "Mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu hajaandikwa. Siku wakimwandika, kwisha habari. Wakifika mwisho wakaweka nukta, mtu anakata roho hapohapo."

Nami sikukubali kijinga. Nilifanya utafiti. Mwaka ule nilihudhuria misiba kuliko mchungaji mwenyewe, na kila nilipokwenda nilikuta mambo mawili hayaachani: historia iliyoandikwa na mtu aliyelala kwenye sanduku. Mpaka leo, pamoja na cheti changu cha kidato cha nne, sijawahi kukutana na ushahidi uliotimia namna ile. Ninyi mliokulia huku kwetu mnajua. Mtu wa kawaida, mkulima wa viazi au mama muuza mchicha, anaishi maisha yake yote bila mtu kumwandikia hata nusu ukurasa. Siku anayoandikwa ndiyo siku anayozikwa. Kwa hiyo nicheni kidogo, msinicheke sana.

Baba yangu alikuwa amerudi kutoka Chunya, alikochimba dhahabu miaka mingi. Alirudi na blanketi moja, redio isiyokamata stesheni yoyote, na kikohozi. Alikuwa akisema amemeza vumbi la kule mpaka ukiyachekecha makohozi yake unaweza kupata pete ya harusi. Mama hakupenda utani huo. Mimi nilikuwa nikichungulia chini kila alipokohoa, nitafute kinachong'aa. Pale nyumbani alikuwa akishona viatu barazani, misumari mdomoni, nyundo mkononi, na watu walimpenda kwa sababu kiatu alichokishona baba kiliweza kumzika mwenyewe kikabaki kizima.

Siku moja akaanza kuandika.

Niwakumbushe baridi ya Iyunga ya miaka ile. Siyo hii ya siku hizi ya kuvaa sweta kwa mapambo. Ile iligandisha uji kati ya kijiko na mdomo. Jogoo wetu aliwika mara moja, akaisikilizia baridi, akaahirisha zile mara nyingine. Saa hiyo baba alikuwa ameshaamka, amevaa koti lake la mgodini, ameketi kwenye meza ya dirishani mbele ya kaunta buku lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Alikuwa na sheria moja tu: ukurasa mmoja kabla ya chai. Ukurasa mzima, wala siyo nusu na robo.

Mama alikuwa akija na kikombe, anasimama nacho.

"Umefika wapi?"

"Bado mistari minne."

"Chai inapoa, baba Lusajo."

"Chai utaipasha. Hii ikipoa haipashiki."

Kuna siku maneno yalimjia mbiombio, peni ikawa inakwaruza kama kuku shambani. Kuna siku alikaa mpaka jua likapanda, mstari mmoja tu mbele yake, chai imefanya utando juu. Hakuinuka. Nilimuuliza kwa nini asiache tu, aende kwenye viatu vyake. Akasema, "Leo halitaki kuja, mwanangu. Lakini likija linikute nimekaa hapa." Nilidhani anazungumzia mnyama. Kwa siku kadhaa nilichungulia dirishani nione linatokea upande gani.

Nilikuwa darasa la pili, kusoma kwangu kulikuwa kwa kupanda mlima: silabi moja, pumzika, silabi nyingine. Asubuhi moja baba alitoka kukohoa nje, daftari akaliacha limefungwa. Nikasogea. Juu ya jalada alikuwa amebandika kipande cha karatasi nyeupe chenye herufi kubwa. Nikaanza kupanda. Hi. Sto. Ri. A. Ya. Ma. I. Sha. Ya. Ngu.

Historia. Neno lilelile la karatasi za majeneza. Na aliyekuwa anaiandika siyo mzee wa kanisa wala mtu baki. Ni baba mwenyewe, kwa mkono wake, ukurasa mmoja kila siku, anatembea taratibu kwenda kwenye nukta.

Nilikimbia kwa Gwamaka bila kunywa uji. Alinisikiliza kama daktari, mikono nyuma.

"Daftari limejaa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole unene wa kurasa.

"Bado ana muda," akasema. "Lakini akifika mwisho..." Akachora nukta hewani kwa kidole.

"Sasa tufanyeje?"

"Wewe ndiye mtoto wake. Hakikisha hafiki."

Nianze na peni. Niliificha ndani ya kiatu cha mteja, na mteja akaja akakichukua akaenda nacho Mbalizi. Nadhani alichechemea njia nzima. Kesho yake baba alikuwa na peni mpya. Ndipo nikaelewa kwamba kazi hii haihitaji peni, inahitaji kisu.

Mchana mama akiwa sokoni na baba yuko barazani anagonga soli, nilichukua kisu chake cha kukatia ngozi, nikafungua mahali alipoishia, nikakata karatasi ya mwisho kwenye mshono, taratibu, kama alivyonifundisha kukata bitana. Kila karatasi ina kurasa mbili. Kurasa mbili ni siku mbili. Hesabu hiyo niliiweza: kila nilipokata, nilimwongezea baba siku mbili za kuishi.

Karatasi nilizipeleka kwenye jiko la mkaa. Lakini kwanza nilizisoma, kwa sababu niliona si adabu kuchoma maneno ya baba bila kujua amesema nini. Nilichuchumaa jikoni nikatamka silabi moja moja kwa sauti ya chini, moshi machoni, huku nikisikia nyundo yake inagonga nje: alimradi inagonga, niko salama. Zile za kwanza nilishika maneno machache tu. Blanketi. Mahindi ya kuchoma. Tulitembea. Zilizofuata nikashika mistari. Baada ya muda mfupi mwalimu wetu akaniita mbele nisomee darasa, akauliza nani ananifundisha nyumbani. Nikasema hakuna. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli.

Ndivyo nilivyojua kuna mtu kule Chunya aliyekuwa akiimba vibaya kupita kiasi, na walimtuma yeye wa kwanza kushuka kwenye shimo kwa sababu alimradi kelele zake zinasikika juu, hewa ya chini ni nzuri. Nilijua jinsi baba alivyokwenda Iringa kwenye harusi ya mwenzake, na msichana mmoja wa Kihehe akacheka suruali yake mbele za watu, naye akaamua hapohapo kwamba mwenye kicheko kile atakuwa mke wake au atakuwa adui yake, hakuna cha katikati. Nasoma nikicheka. Nikimaliza, naitia kwenye mkaa. Karatasi ya kaunta buku inanuka tofauti na gazeti ikiungua. Inanuka wino na gundi, halafu kitu kama nywele. Siku hizi mtu akichoma takataka karibu na kibanda changu, nikipata harufu ile naweka nyundo chini.

Baba hakusema kitu mwanzoni. Halafu asubuhi moja nikamsikia kutoka kitandani.

"Mama Lusajo, juzi si niliandika habari za kamba?"

"Mimi nijuaje? Mimi naijua chai."

"Niliandika. Watu wanne na kamba." Nikasikia anafunua, anarudi nyuma, anafunua tena. "Au niliota?"

"Unaumwa. Pumzika leo."

"Sijaandika bado."

Akaiandika upya habari ya kamba. Nikaikata. Akaiandika tena. Aliiandika mara tatu, na kila mara ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Mara ya kwanza ilikuwa karatasi nzima, watu wanne kwa majina yao na vijiji walikotoka, na wimbo waliokuwa wakiuimba. Mara ya tatu ilikuwa hivi tu, naikumbuka mpaka mlalo wa herufi: "Kamba ilikatika. Tulibaki wawili."

Mimi nilikwenda shule nikirukaruka. Siku sita! Nilimwambia Gwamaka nimempatia baba siku sita, naye akanipa mkono kama mtu mzima.

Baridi ilipokaza, kikohozi kikakaza nacho, wakampeleka hospitali ya mjini. Mimi nilikuwa mtulivu kuliko wote. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa, nusu yake tupu. Nililala nalo chini ya mto. Niliwaza: hakuna wa kuandika, basi hakuna wa kufa.

Asubuhi ya siku ya nne watu wakaanza kuja. Wanawake waliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, viti vikatolewa nje, na mimi nikafikiri wanaandaa sherehe ya baba kurudi. Akaja baba mdogo kutoka Mbalizi, mdogo wake baba, mwalimu mrefu mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Hakunisalimia kwa utani kama kawaida yake. Aliketi kwenye kiti cha baba, kwenye meza ya dirishani, akatoa karatasi mfukoni na peni, akaanza kuandika.

Nikasogea. "Baba mdogo, shikamoo. Unaandika nini?"

"Marahaba. Naandika habari za baba yako."

"Zote?"

"Kwa kifupi."

"Mpaka mwisho?"

Akaniangalia, macho mekundu. "Ndiyo, mwanangu. Mpaka mwisho."

"Usimalize."

"Nenda kacheze, Lusajo."

Sikwenda. Nilisimama pale. Baba alikuwa ametumia asubuhi zote zile, chai zote zile zilizofanya utando, na hakufika. Mdogo wake alimaliza kabla maji hayajachemka. Nusu ukurasa. Niliiona nukta. Niliiona anavyoikandamiza, mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Nikamkimbilia mama katikati ya wanawake. "Mama, baba anarudi lini?"

Akanivuta akanifunika na kitenge chake. "Kesho," akasema. "Baba yako anakuja kesho."

Na kweli alikuja.

Baba mdogo ndiye aliyesoma. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, watu wamejaa mpaka barabarani. "Marehemu alizaliwa katika kijiji cha..." Nilimsikiliza nikitafuta yule mwimbaji mbaya, suruali iliyochekwa, blanketi, mahindi ya kuchoma. Hakuna. Chunya nzima ilikuwa mstari mmoja: "Marehemu alijishughulisha na uchimbaji mdogo pamoja na ushonaji wa viatu." Niliona karatasi inakaribia chini. Mistari mitatu, miwili. Nikachomoka pale nilipokuwa, nikaruka, nikaikwapua mkononi mwake, na kwa kuwa sikuwa na jiko karibu, nikaitia mdomoni. Nikaitafuna.

Wanawake wakapiga kelele. Mtu akanishika kiuno. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni mtoto, uchungu umempanda kichwani." Nikameza. Nilidhani nimeshinda.

Baba mdogo alisimama mikono mitupu. Akajifuta uso. Halafu akaendelea kusoma bila karatasi. Alikuwa ameishika yote kichwani. Akataja mke, akataja mtoto mmoja, akanitaja kwa jina huku nikiwa nimeshikwa kama mwizi wa kuku, akafika mwisho.

Tangu siku hiyo nilikuwa na adui mmoja duniani. Baada ya matanga alimwambia mama: "Shemeji, niachie Lusajo. Atasoma pale ninapofundisha, akifaulu nitamfikisha sekondari." Nikasema siendi. Mama akanibembeleza, akanichapa, akanibembeleza tena. Nikamwambia nikipelekwa Mbalizi nitarudi kwa miguu, kila siku. Mwishowe mama akafunga mizigo akarudi kwao Iringa, mimi nyuma yake na redio isiyokamata stesheni na daftari la baba. Kule nilimaliza la saba nikatoka na nyundo. Watoto wa baba mdogo mmoja akawa nesi na mwingine bwana shamba. Mimi nikawa na kibanda cha viatu kwenye mteremko wa kushuka sokoni, nikiitikia salamu ya Kihehe, "Kamwene", tangu asubuhi mpaka taya zinauma.

Kila mwaka baba mdogo alikuja kutusalimia, na kila mwaka akiingia mlango wa mbele mimi nilitoka wa nyuma. Siku nilipopata akili ya kujua kwamba karatasi haiui mtu, na kwamba alipokuwa akiandika pale dirishani baba alikuwa ameshafariki tangu alfajiri, nilikuwa mtu mzima wa ndevu. Chuki ikaondoka, aibu ikakaa mahali pake pale pale. Utamwambiaje mtu mzima, mwalimu, kwamba ulimkimbia miaka yote kwa sababu aliweka nukta? Nikawa nampigia simu sikukuu. Tulizungumza habari za mvua.

Nilisoma ukubwani, masomo ya jioni. Dawati moja nilikaa na babu mwenye wajukuu sita aliyekuwa akininyima rula. Tulikuwa tunasinzia kwa zamu ili angalau mmoja asikie. Lakini nilipita, jamani! Siku nilipopokea matokeo nilitembea mji mzima wa Iringa nikitafuta mtu ambaye sijamwambia. Jioni ile nikanunua kaunta buku. Nilitaka kukirudisha kitabu cha baba, pamoja na zile kurasa nilizochoma. Mimi ndiye mtu pekee niliyezisoma zile kurasa, tena kwa sauti. Zilikuwa kichwani mwangu, zikisubiri.

Siku ya kwanza sikuandika, nilitafuta peni nzuri. Ya pili nilitafuta meza isiyoyumba. Ya tatu nilihitaji kupumzika kutokana na kutafuta. Kisha nikakumbuka sheria: ukurasa mmoja kabla ya chai. Nikajiwekea hiyohiyo. Wiki za mwanzo nilikunywa chai saa sita mchana. Nilikaa nikaangalia ukuta mpaka nikaujua tofali kwa tofali. Lakini mwili unafundishika kama ng'ombe wa kulima. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa naamka kabla ya jogoo wa jirani, mkono wenyewe unatafuta peni. Ukurasa baada ya ukurasa, baba akarudi: blanketi, mahindi, mwimbaji mbaya, kicheko cha mama. Habari ya kamba niliiandika kama ilivyokuwa mara ya kwanza, majina yote manne.

Ukabaki ukurasa mmoja. Wa mwisho. Ule wa asubuhi za Iyunga.

Huo sikuuweza. Nilikaa mbele yake msimu mzima. Si kwamba bado niliamini maneno ya Gwamaka. Nina cheti, jamani. Ila nilikuwa nimeyavalisha suti. Tangu utotoni nilisikia shangazi na majirani wakisema, "Yule kaka aliuawa na zile asubuhi. Kifua kibovu, baridi ile, ameinama dirishani." Hilo ni jambo la akili, hata mwenye cheti analikubali. Kuandika kulimmaliza baba. Na nani alimfanya aandike habari ya kamba mara tatu? Nani alimrudisha kwenye kile kiti, kwenye ile baridi, asubuhi ambazo angekuwa amelala chini ya blanketi? Nilidhani nampa siku. Kumbe nilikuwa namkata. Kila nikiinua peni kuandika ukurasa ule, kifua kinabana, nakohoa, nafunga daftari, nakwenda kunywa chai ambayo sijaistahili.

Kiangazi kilichopita baba mdogo akafariki. Nilisafiri na mama mpaka Mbalizi. Tulipofika tu, hata begi sijaliweka chini, wazee wa ukoo wakanizunguka. Mmoja akanipa karatasi. "Wewe ndiye mwandishi wetu. Historia ya marehemu ni ya kwako."

Nikaketi. Nikaandika alizaliwa, alisoma, alifundisha. Nikaandika kwamba alikuwa na kola safi kuliko wote na kwamba alikariri mambo yasipotee. Nikafika mwisho. Nukta haikuwekeka. Nilikaa na peni hewani mpaka vijana wa jeneza wakaanza kuulizana kuna nini.

Nikainuka nikaenda uani, mama alipokuwa amekaa na beseni la viazi, anamenya pamoja na wanawake wengine. Nikamwomba tusogee pembeni. Tukasogea, na beseni lake, na kisu chake. Nikachuchumaa mbele yake kama wa darasa la pili, nikamwambia.

"Mama, zile kurasa za baba. Mimi ndiye niliyekuwa nazikata."

Hakuacha kumenya. "Najua."

"Unajua?"

"Ulidhani nilifikiri ni panya? Panya gani wa Iyunga anakata kwa kisu cha viatu?" Ganda la kiazi likaanguka refu. "Hata baba yako alijua. Mwanzo alidhani kichwa kinamwishia, alinitesa kweli. Halafu siku moja amekuja jikoni kuchukua kaa la moto, akakusikia ndani unasoma. Akarudi barazani akaendelea kugonga ili usishtuke. Mimi nilitaka kukuchapa. Akasema, 'Mwache. Angalau nina msomaji.'"

Akanipa kiazi nimenye, nisikae bure.

"Lakini Mama, ningemwacha amalize mapema, asingekaa kwenye baridi ile muda wote ule. Kuandika ndiko kulikommaliza. Mimi ndiye niliyemrefushia."

Hapo akaweka kisu chini.

"Nani kakwambia?"

"Watu wote."

"Watu wote hawakuwepo. Nilikuwepo mimi." Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Aliporudi kutoka Chunya tulikwenda hospitali mimi na yeye. Daktari akatuita wote wawili, akatuambia mapafu yameshajaa vumbi la mawe, hayatengenezeki, tujiandae. Tukatoka. Tulipofika getini baba yako akasema, tupitie dukani. Daftari tulilinunua siku hiyo, Lusajo. Tulitoka hospitali kwanza, ndipo tukanunua daftari."